Mvinyo wa Povu kwa Zabibu za Dodoma: Mwongozo Kamili kwa Kiwanda Kidogo

Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na kila msimu wapo wakulima wa Hombolo, Mpunguzi na Mvumi wanaobaki na mzigo shambani kwa sababu mnunuzi amechelewa, au amepima sukari akasema haijafika. Ninaandika nikiwa na zabibu hizo akilini. Mvinyo wa povu unaochachuka mara ya pili ndani ya chupa yake yenyewe, kama wanavyoutengeneza watu wa Champagne huko Ufaransa, hautaki zabibu iliyoiva hadi ikawa asali. Unataka zabibu nzima, safi, yenye ukali, iliyovunwa wiki moja au mbili kabla ya siku ambayo mtengenezaji wa mvinyo wa kawaida angeitaka.

Na aina ya zabibu tunayo. Mwaka 1971, huko Stellenbosch, Afrika Kusini, Frans Malan wa shamba la Simonsig alitengeneza mvinyo wa kwanza wa povu nchini humo kwa njia ya chupa, akauita Kaapse Vonkel. Zabibu aliyotumia ilikuwa Chenin Blanc, ileile inayolimwa Dodoma. Leo mvinyo wa namna hiyo wa Afrika Kusini, uitwao Cap Classique, unauzwa duniani kote.

Mwongozo huu ni wa kiwanda kinachoanza na tani moja ya zabibu, sawa na chupa 600 hivi. Ningekuomba usianze na zaidi ya hapo. Kazi yenyewe inachukua miezi 16 tangu kuvuna hadi kuuza chupa ya kwanza, na kosa la mwezi wa kwanza hulioni hadi mwezi wa kumi.

Baridi kabla ya mashine

Wengi wakiniuliza wanaanza na mashine ya kukamulia, halafu chupa, halafu vizibo. Mimi naanza na chumba. Chachu ndani ya chupa, inayokula sukari na kutoa gesi ya povu, hufanya kazi nzuri kwenye nyuzi joto 12 hadi 15, polepole, kwa wiki sita au nane, na povu linalotokana na mwendo huo ni jembamba na linadumu kwenye glasi. Ukiiacha kwenye joto la mchana la Dodoma itamaliza haraka, mvinyo utapata harufu nzito, na shinikizo ndani ya chupa litapanda kuliko kioo kinavyoweza kuvumilia.

Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa bari 2 na kidogo. Chupa ya Champagne hubeba bari 6 ikiwa kwenye nyuzi joto 10 au 12. Chupa hiyohiyo ikikaa kwenye chumba cha nyuzi joto 30, shinikizo lake huvuka bari 9. Mwaka wangu wa kwanza niliamini kwamba stoo yenye dari refu ingetosha. Umeme ulikatika siku mbili mwezi wa Novemba, na asubuhi ya siku ya tatu nilikuta chupa 31 zimepasuka, vipande vya kioo vimeingia hadi kwenye mbao za mlango. Kama mtu angekuwa ndani, ningekuwa naandika habari nyingine.

Kwa hiyo jenga chumba kinachoshika baridi hata umeme ukikatika. Wazee wa Kigogo walijenga tembe, kuta nene za udongo na paa la udongo, na ndani mlikuwa na ubaridi wakati nje jua linaunguza. Chukua wazo hilo: kuta mbili za tofali zenye nafasi katikati iliyojazwa pumba za mpunga zilizokauka au karatasi za povu, sakafu iliyochimbwa mita moja na nusu chini ya ardhi, mlango upande wa kusini wenye kibaraza cha kuzuia jua. Ongeza kiyoyozi. Vingi vya nyumbani havishuki chini ya nyuzi joto 16, na 16 inakubalika mradi isipandepande na kushuka. Kama una uwezo, fundi wa friji anaweza kukufungia mtambo wa chumba cha baridi kama wa wauza samaki, ukafika 12. Jenereta ndogo au betri za sola ziwepo.

Nyuzi ngapi za sukari, msimu upi

Mavuno ya kwanza ni ya Februari na Machi, katikati ya mvua. Mavuno ya pili ni ya Agosti na Septemba. Kwa mvinyo wa povu chagua ya pili bila kusita. Zabibu hizo zimeiva katika miezi ya kipupwe, Juni na Julai, usiku wa Dodoma ukiwa wa baridi kweli kweli, na usiku wa baridi ndio unaozuia asidi isiteketee ndani ya tunda. Zaidi ya hapo, kiangazi hakina ukungu wa kuozesha zabibu. Zabibu ya masika mara nyingi huja na vishada vilivyooza katikati, na harufu ya uozo haifichiki kwenye mvinyo wa povu, maana kila kiputo kinaibeba hadi puani.

Chenin Blanc ndiyo msingi. Makutupora nyekundu unaweza kuijaribu kwa mvinyo wa rangi ya waridi, lakini iache kwa mwaka wa pili.

Kuanzia katikati ya Julai ingia shambani kila baada ya siku tatu ukiwa na rifraktomita, kifaa cha kupima sukari, na kipima pH, yaani kipimo cha ukali ambacho namba ikipanda ukali umepungua. Chuma punje 100 kutoka mistari mbalimbali, upande wa jua na upande wa kivuli, zikamue pamoja. Unatafuta nyuzi za sukari, ziitwazo Brix, 17 hadi 18.5, pH kati ya 3.0 na 3.2, na asidi ya gramu 8 hadi 10 kwa lita. Ikiwa pH imeshafika 3.4 huku Brix bado ni 17, usisubiri sukari ipande, vuna kesho, kisha rekebisha kwa asidi ya tartari; gramu moja kwa lita hushusha pH kwa takriban 0.1.

Zungumza na mkulima mapema. Amezoea kulipwa kwa utamu, na wewe unamwambia avune kabla. Zabibu iliyovunwa mapema ni nyepesi kidogo kwenye mizani, kwa hiyo mlipe bei itakayofidia, vinginevyo mwakani atakungojesha hadi Brix 21 na atakuwa na haki. Vuna alfajiri, saa kumi na moja hadi saa mbili asubuhi, weka kwenye kreti za kilo 15 na si kwenye viroba, na zifike kwenye mashine kabla jua halijachoma.

Kukamua

Vishada vinaingia kwenye mashine vikiwa vizima, na vikonyo vyake. Usivipondeponde, usivitenganishe na vikonyo. Vikonyo ndivyo vinavyofungua njia za maji ya zabibu kutoka bila kuminya ganda kwa nguvu. Mashine ya kikapu cha mbao yenye parafujo inatosha. Kaza polepole, acha yatiririke, legeza, pangua, kaza tena. Tani moja ikuchukue saa tatu.

Champagne sheria yao inaruhusu lita 2,550 tu kutoka kilo 4,000 za zabibu, na wanazigawa: lita 2,050 za mwanzo ndizo bora, 500 za mwisho zinatengwa. Fuata mfano huo. Kutoka tani moja, lita 500 za kwanza ndizo za povu. Zitakazofuata, lita 100 hivi, zina asidi ndogo na uchungu wa ganda. Weka kwenye tangi lake, tengeneza mvinyo wa kawaida wa kuuza baada ya miezi minne. Fedha zake zitakusaidia kulipa umeme wakati chupa zako zimelala.

Mara tu maji yanapotoka, weka potasiamu metabaisalfaiti, salfaiti ya kuhifadhi mvinyo, gramu 35 hadi 40 kwa lita 500, ili yasigeuke kahawia. Yapoze hadi nyuzi joto 10, yaache usiku kucha yatuame, kisha nyonya kwa mpira sehemu iliyo safi na uache tope chini.

Mvinyo wa msingi

Tumia chachu ya mvinyo wa povu; EC-1118 ndiyo inayopatikana kwa urahisi na huvumilia shida. Hamira ya mkate isiguse kazi hii. Chachusha kwenye nyuzi joto 15 hadi 18 hadi sukari iishe kabisa, wiki mbili au tatu. Ongeza chakula cha chachu chenye naitrojeni kama maji yako ni maskini. Dalili ni harufu ya yai viza siku ya nne au ya tano.

Ukionja mvinyo huu utasikitika. Ni mkali kama ndimu, mwembamba, kilevi asilimia 10 tu. Ndivyo unavyotakiwa kuwa. Mvinyo wa msingi ulio mtamu kunyweka sasa utakuwa mzito ukipata povu.

Kabla ya chupa yapo mambo mawili yasiyorukwa. La kwanza ni protini: chemsha glasi moja iliyochujwa kwenye nyuzi joto 80 kwa saa chache, ipoze, na ikifanya ukungu, safisha mvinyo wa tangi kwa bentonaiti, udongo laini unaonasa protini na kutuama nayo. La pili ni chumvi za asidi ya tartari, zinazoganda kama vipande vidogo vya kioo mvinyo ukipoa. Katika mvinyo wa kawaida hizo ni kasoro ya macho tu. Katika mvinyo wa povu kila kipande ni mahali pa kuzaliwa viputo elfu kwa mara moja, na chupa ikifunguliwa nusu yake inamwagikia mezani. Shusha tangi hadi nyuzi joto 2 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha hamisha likiwa bado baridi. Salfaiti huru, ile ambayo bado haijashikana na kitu ndani ya mvinyo, isizidi miligramu 15 kwa lita ifikapo siku ya kujaza chupa, la sivyo chachu mpya haitaamka.

Kuizoesha chachu

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, kwa hiyo nitaenda taratibu. Chachu unayotaka ifanye kazi ndani ya chupa inaingia mahali pabaya: kilevi kipo tayari, asidi ni kali, baridi ipo, hewa hakuna, na shinikizo litapanda kila siku. Ukiimwaga kavu itakufa. Lazima uizoeshe kwa siku nne au tano.

Baada ya hasara zote una lita 450. Andaa hivi. Siku ya kwanza, gramu 90 za chachu kwenye lita moja ya maji ya nyuzi joto 38, dakika 20. Ongeza lita mbili za maji safi na lita mbili za mvinyo wako, na gramu 250 za sukari. Weka mahali pa nyuzi joto 22, koroga kwa nguvu mara tatu kwa siku ili ipate hewa. Siku ya pili povu litakuwa limepanda. Ongeza lita tano za mvinyo na nusu kilo ya sukari, na chakula cha chachu kidogo. Siku ya tatu ongeza lita 12 za mvinyo na nusu kilo nyingine ya sukari, anza kushusha joto hadi 18. Siku ya nne ishushe hadi joto la tangi. Kila siku pima sukari iliyobaki kwa haidromita. Kipimo kikisimama bila kushuka kwa saa 24, usisonge mbele. Tafuta sababu, au anza upya. Siku iliyopotea sasa ni rahisi kuliko chupa 600 zisizo na povu.

Chachu iwe hai siku unayoitia, inaonekana ikichemka na bado ina sukari kidogo ya kula.

Sukari na chupa

Gramu 4 za sukari kwa lita huzaa takriban bari moja. Wafaransa huweka gramu 24 kupata bari 6. Mimi nashauri gramu 20 kwa Dodoma, zitakazokupa bari 5 hivi: povu la kutosha kabisa, na nafasi ya usalama umeme ukikatika. Kwa lita 450 hiyo ni kilo 9. Kama mvinyo wa msingi umebakisha gramu mbili za sukari kwa lita, toa hizo kwenye hesabu. Tumia sukari nyeupe iliyosafishwa ya viwandani, si ile ya kahawia ya dukani ambayo ina ladha ya miwa, na iyeyushe kwenye mvinyo, si kwenye maji, iwe sharubati.

Pima kwa mizani, mara mbili, na mtu mwingine ahakiki. Kwenye hatua hii kosa la kilo nne ni hatari ya maisha.

Changanya sharubati, chachu na mvinyo kwenye tangi moja, ongeza bentonaiti kidogo sana, gramu 3 kwa lita 100, itakayosaidia mashapo kushikana na kuteleza baadaye. Koroga wakati wote wa kujaza, maana chachu hutuama na chupa za mwisho zitapata nyingi kuliko za kwanza.

Chupa ziwe za mvinyo wa povu, zile nzito zenye kitako kilichobonyea ndani. Chupa ya Champagne ya siku hizi ina gramu 835. Chupa ya mvinyo wa kawaida haifai, hata ionekane nene namna gani. Chupa zilizotumika hotelini zina mikwaruzo usiyoiona, na mkwaruzo ndipo chupa inapoanzia kupasuka. Funga kwa kizibo cha bati kama cha soda, lakini pima mdomo kwanza: zipo chupa za milimita 26 na za 29, na kizibo kisicho cha saizi yake kitavuja taratibu bila kukuambia.

Zilaze zote, safu juu ya safu. Weka alama ya chokaa kwenye kitako cha kila chupa, zote zikitazama juu. Chache zifungwe kipima shinikizo kinachotoboa kizibo, usome kila wiki na kuandika. Kuanzia siku hiyo hakuna anayeingia chumbani bila miwani ya kazi, glovu nene na koti zito. Hakuna: wala mgeni, wala mwenye kiwanda.

Kulala

Baada ya wiki nane sukari imeisha na chachu imeanza kufa. Mashapo yake yanaoza polepole ndani ya mvinyo na kuupa harufu ya mkate uliotoka tanuri, ya korosho iliyokaangwa, na ulaini kinywani. Wahispania kwa Cava yao wanadai miezi 9 juu ya mashapo, Waitaliano wa Franciacorta miezi 18. Champagne isiyo ya mwaka mmoja maalumu wa mavuno hukaa miezi 15 kiwandani, 12 kati yake ikiwa juu ya mashapo.

Ukijaza chupa Novemba, toa chupa 200 baada ya miezi tisa, ziuzwe Desemba ya mwaka wa pili, wakati wa harusi na sikukuu. Zilizobaki usiziguse. Onja moja kila baada ya miezi mitatu na uandike. Utaona mwenyewe mwezi wa 15 ulivyo tofauti na wa tisa, na hapo ndipo utakapojua kiwanda chako kinataka kuwa nini.

Kuzungusha hadi mdomoni

Sasa mashapo yaliyolala ubavuni yanapaswa kushuka hadi kwenye kizibo. Inasimuliwa kwamba mjane Clicquot, mwenye kiwanda cha Champagne mjini Reims, alitoboa meza yake ya jikoni kusimamisha chupa kichwa chini, mwanzoni mwa karne ya 19, na mbao za leo za kuzungushia chupa zinatokana na meza hiyo. Seremala wa mtaani anaweza kukutengenezea: mbao mbili zilizoegemeana kama herufi A, kila moja matundu 60, tundu likichongwa kwa mshazari ili chupa ianze ikiwa karibu imelala na iishie karibu imesimama.

Tikisa chupa kwa nguvu mara moja, iweke, iache siku tatu. Kisha kila siku izungushe moja ya nane ya mduara, siku moja kulia, siku nyingine kushoto, ukiirudisha kwa mshtuko mdogo wa mkono, na kila baada ya siku chache iinue kidogo. Alama ya chokaa ndiyo itakayokuonyesha ulipofika. Mkono uliozoea hugeuza mbili kwa wakati mmoja. Wiki nne hadi sita, mvinyo utakuwa angavu kabisa na mashapo yamekaa juu ya kizibo kama kijiko cha unga.

Kutoa mashapo na kuongeza utamu

Poza chupa zote hadi nyuzi joto 3 au 4, zikiwa kichwa chini, usiku mzima. Mvinyo wa baridi hushika gesi yake. Wa joto hurukia ukutani. Andaa beseni la kimiminika kisichoganda, cha glaikoli au maji ya kloridi ya kalsiamu, lililopozwa hadi nyuzi 25 chini ya sifuri, zamisha shingo sentimita tatu au nne, dakika 8 hadi 10. Friza ya kawaida hufika 18 chini ya sifuri. Itafanya kazi, ila ongeza dakika.

Kipande cha barafu kikishika mashapo, inua chupa hadi mshazari, mdomo ukielekea kwenye pipa na mbali na mtu yeyote, fungua kizibo. Shinikizo lenyewe litarusha barafu nje. Ziba kwa kidole gumba mara moja.

Kisha jaza pengo kwa mvinyo wa chupa nyingine uliochanganywa na sharubati. Usikadirie, fungua chupa tano siku ya kwanza, ya kwanza bila sukari, nyingine gramu 4, 8, 12 na 20 kwa lita, uwape watu wanne waonje bila kuambiwa. Chini ya gramu 12 huitwa bruti. Sharubati ya gramu 500 kwa lita ikitumika, mililita 12 kwenye chupa ya mililita 750 hukupa gramu 8 kwa lita. Kwa ukali wa Chenin Blanc, na kwa wanywaji wetu waliozoea mvinyo mtamu wa Dodoma, 10 hadi 12 imekuwa ikinifaa. Ongeza salfaiti kidogo, gongea kizibo cha gome, fungia kofia ya waya kwa mizunguko sita nusunusu, tikisa mara mbili, na uache ipumzike miezi miwili. Chupa iliyofunguliwa wiki moja baada ya kazi hii huwa na ladha iliyotawanyika.

Vibali na jina

Sajili biashara BRELA, pata ithibati ya bidhaa na jengo kutoka TBS, leseni ya vileo kutoka halmashauri, na stempu za ushuru za TRA kabla chupa haijatoka mlangoni. Waeleze TRA asili ya zabibu zako na utunze stakabadhi za wakulima, kwa sababu ushuru wa bidhaa hutofautisha mvinyo wenye zabibu za ndani zaidi ya asilimia 75 na mvinyo mwingine.

Usiandike neno Champagne kwenye lebo, hata kwa maandishi madogo nyuma. Hilo ni jina la mahali na lina wenyewe. Andika kijiji ulikotoa zabibu, mwaka wa mavuno, na tarehe uliyotoa mashapo, ili mnunuzi ajue chupa ina umri gani. Na mwambie mwenye baa asiiweke rafu ya juu karibu na taa. Ikae ndani ya friji, itolewe ikiwa na nyuzi joto 7 hivi, na kizibo kitolewe kwa kuzungusha chupa, si kizibo, huku kidole gumba kikiwa juu ya waya muda wote.